Leseni ya Wapangaji wa Mikopo ya Nyumba Nchini Marekani
Nchini Marekani, mkopo wa nyumba, yaani fedha anazokopeshwa mnunuzi huku nyumba yenyewe ikiwekwa rehani hadi deni liishe, hauwezi kupangwa na mtu yeyote tu. Msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, ambao kwa sehemu kubwa ulichochewa na mikopo waliyopewa watu wasio na uwezo wa kuilipa, ulilifanya Bunge la nchi hiyo lipitishe, Julai mwaka huohuo, sheria inayomtaka kila anayepokea maombi ya mkopo wa aina hiyo na kujadili masharti yake kwa malipo, awe dalali au mwajiriwa wa kampuni ya mikopo, apate leseni ya jimbo.

Mwombaji husoma kwa saa zisizopungua 20, zikiwamo 3 za sheria za shirikisho na 3 za maadili, kisha hufanya mtihani ambao alama ya kufaulu ni asilimia 75. Akishindwa mara 3 mfululizo, hulazimika kusubiri miezi 6. Alama za vidole vyake hupelekwa FBI, historia yake ya madeni hukaguliwa, na aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai linalohusu udanganyifu au utakatishaji wa fedha hunyimwa leseni hata kama miaka mingi imepita.

La kushangaza ni kwamba wafanyakazi wa benki husajiliwa tu, bila mtihani huo, ingawa kazi ni ileile. Hata hivyo, wote hupewa namba ya kudumu ya utambulisho, ambayo mkopaji anaweza kuitafuta bure kwenye intaneti ili kuona mhusika amefanya kazi wapi na kama amewahi kuadhibiwa.