Tembea naye, usitembee kwa ajili yake tu

Labda wewe ni mwuguzi, mwalimu, karani au mfanyakazi wa mawese hapo Kizuka. Kazini mmekubaliana kutembea pamoja kila juma, kila mmoja achangishe pesa kidogo, na pesa hizo ziwasaidie wapiganaji wa zamani wanaosumbuliwa na mawazo. Ni jambo jema. Kabla hamjafunga viatu, soma kwanza haya.

Mwendo wa namna hii si mgeni duniani. Huko Uingereza, shirika la Combat Stress, lililoanzishwa 1919 kuwatunza askari waliorudi vitani na majeraha ya akili, huwaalika watu kutembea maili 10 mwezi wa Machi na kuchangisha. Lakini wengi wanaotembea kule hawaishi nyumba moja baada ya nyingine na askari hao. Wewe unaishi nao.

Vita vilivyoanza Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, viliwakuta watu wa Rumonge wakiwa bado hawajasahau 1972. Kazi ya kuwarudisha wapiganaji uraiani ilianza Desemba 2004. Waliorudishwa walizidi 20,000, wa jeshi na wa makundi yaliyopigana nalo, na humo walikuwamo watoto. Walipewa fedha kwa awamu. Usingizi hawakupewa. Tena kuanzia Desemba 2007 wanajeshi wa Burundi walikwenda Somalia, nao wakarudi na mizigo yao.

Basi mtu huyo huenda ndiye anayekuuzia ndagala. Mlango ukigongwa kwa nguvu, anaruka. Usiku anaamka akipiga kelele, mpaka watoto wamehamia kulala kwa bibi yao. Pombe ndiyo dawa yake ya usingizi. Majirani wanasema ni jeuri, wengine wanasema amerogwa. Kumbe ni ugonjwa unaompata mtu aliyepitia mambo mazito, na unatibika.

Kutembea peke yake hakumponyi. Kunasaidia usingizi na kupunguza huzuni, na Shirika la Afya Duniani linamshauri kila mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa haraka kidogo kwa juma. Faida nyingine ni kwamba watu wawili wakitembea bega kwa bega hawatazamani usoni. Neno ambalo mtu hawezi kulitoa akiwa amekaa kwenye kiti mbele ya mwuguzi, pengine litamtoka kwenye kilomita ya pili. Likitoka, sikiliza. Usimwulize alifanya nini vitani, wala alikuwa upande gani. Katika kundi lenu anaweza kuwamo mtoto wa mtu aliyekimbia na mtu aliyemkimbiza.

Jambo moja linasahauliwa mara nyingi: msitembee kama kwata. Warundi tunapenda kukimbia kwa makundi tukiimba, lakini hatua za pamoja, kelele za kuitikiana na filimbi vinaweza kumrudisha mtu huyo porini kwa dakika moja. Vinaweza pia kuwatia wasiwasi wakubwa. Machi 2014 makundi ya mbio mjini Bujumbura yalizuiwa kukimbia nje ya sehemu zilizoruhusiwa. Mjulisheni mapema mkuu wa kilima, mwende wawili wawili, mkizungumza ya kawaida. Wewe uliye bado kambini, fanyeni mzunguko wenu ndani ya mipaka ya kambi, msije mkapata kesi kwa kukosa kibali.

Sasa pesa. Mara nyingi huishia kwenye fulana, na fulana haimtibu mtu. Hospitali ya magonjwa ya akili inayojulikana zaidi nchini iko Kamenge, Bujumbura, na kutoka Kizuka lazima upande gari. Mgonjwa anahitaji nauli yake na ya ndugu wa kumsindikiza, kwenda na kurudi, si mara moja tu. Dawa hizi hunywewa miezi mingi, na mwezi unaokosa nauli ndio mwezi dawa inakatika. Daftari la michango washike watu wawili, mmoja wao awe mpiganaji wa zamani.

Mtu akisema anataka kufa, au akitishia watu nyumbani huku ana silaha, msingoje siku ya matembezi. Asiachwe peke yake. Kama hana silaha mkononi, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama anayo, toeni watoto kwanza, kisha iteni msaada.

Kuhusu njia: barabara kubwa ya Bujumbura ina magari ya mbio, kwa hiyo ondokeni alfajiri kukiwa kumepambazuka na mpite kushoto, mkiyaona magari yanayokuja. Ufukweni angalieni kwanza, maana ziwa lilipopanda katika miaka ya 2020 lilimeza sehemu za pwani. Siku ya kwanza kilomita tatu zinatosha. Mwenye mguu wa bandia au jeraha la zamani ndiye atangulie, na mwendo wake ndio uwe mwendo wa kundi zima.