KING'ORA KISIPOTEE NJIA

Ndugu wafanyakazi,

Mtu wa Rongui anajua kwamba habari ya tufani haifai kuchelewa. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado yetu hii. Kiwandani ni vivyo hivyo: gesi ikivuja au moto ukiwaka, tangazo lazima liwafikie wote kwa pamoja.

Siku hizi katika sehemu nyingi za kazi vipaza sauti vimeungwa kwenye mtandao wa kompyuta. Kompyuta moja hutoa sauti mara moja tu, na vipaza sauti vyote vilivyojiunga na kundi lake huipokea. Mtindo huu huitwa maltikasti. Una anwani zake maalumu, kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255.

Tatizo liko wapi? Mara nyingi kompyuta hiyo ina milango miwili ya mtandao: mmoja wa ofisi, mwingine wa vipaza sauti. Kompyuta ya Linux isipoelekezwa, hutazama orodha yake ya njia, na kwa kawaida hulitoa tangazo kwa mlango wa njia kuu, yaani ule wa ofisi. Kwenye kioo cha kompyuta kila kitu huonekana sawa, lakini kiwandani ni kimya.

Dawa yake ni mstari mmoja. Ikiwa mlango wa vipaza sauti unaitwa eth1, fundi mwenye ruhusa huandika:

ip route add 224.0.0.0/4 dev eth1

Maana yake, kila linalokwenda kwa makundi lipite mlango wa eth1. Kisha huhakikisha kwa kuandika:

ip route get 239.1.1.1

Jibu lazima litaje eth1. Ziko programu zinazojichagulia mlango zenyewe. Hizo hurekebishwa ndani ya mipango yake.

Lakini angalieni, ndugu: amri hiyo haidumu. Umeme ukikatika na kompyuta ikawaka upya, amri imefutika, ila kama fundi ameiandika pia katika faili la mipango ya kudumu. Kwa hiyo king'ora kilicholia vizuri mwezi uliopita huenda leo kisilie.

Basi kamati za wafanyakazi zidai mambo matatu:

1. Amri iandikwe katika mipango ya kudumu.

2. King'ora kijaribiwe kila baada ya umeme kukatika.

3. Awepo mfanyakazi wa kusikiliza katika kila bohari na kila karakana wakati wa majaribio, si fundi peke yake ofisini.

Kudai hivyo si ukorofi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema wawakilishi wa wafanyakazi wapewe habari za kutosha juu ya hatua za usalama anazochukua mwajiri. Ulizeni, na msiridhike mpaka mmesikia kwa masikio yenu.

Umoja ni nguvu!