Hiari ya Mwenye Kuhudumu na Haki ya Mwenye Kuhudumiwa

Katika kituo cha magari cha Mlalo, saa ambayo ukungu wa milima ya Usambara haujainuka bado, na abiria wa kwenda Lushoto kwa njia ya Magamba wanagombea nafasi pamoja na magunia ya viazi na matenga ya nyanya, huonekana jambo ambalo watu wamelizoea hata hawalishangai tena: konda husimama mlangoni, akamwita mama mwenye kikapu, akamshika mkono mzee mwenye bakora apande, na wanafunzi waliovaa sare akawazuia, akisema kwamba madenti basi, wawili wametosha. Watoto hurudi nyuma, wakangoja gari jingine, ambalo konda wake aghalabu ana neno lile lile. Je, konda yule ana haki ya kutenda hivyo? Na mwenye duka, fundi cherehani, tabibu na wakili, wao wana hiari kiasi gani ya kumkataa mtu aliyewajia na fedha yake mkononi?

Asili ya hukumu katika jambo hili ni hiari. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba ya Tanzania ya 1961, mapatano huwa mkataba pale tu yanapofanywa kwa ridhaa huru ya pande zote mbili, na bidhaa iliyopangwa rafuni, hata ikiwa imeandikwa bei, si ahadi ya kuuza bali ni mwaliko. Mteja anayeipeleka mezani ndiye atoaye pendekezo, na muuzaji ndiye mwenye kukubali au kukataa, kama mahakama ya Uingereza ilivyoeleza mwaka 1953 katika shauri la duka la dawa la Boots. Basi mwenye duka asiyetaka kumkopesha mtu mwenye deni la tangu mavuno yaliyopita, au asiyetaka kumuuzia mlevi anayetukana wateja wengine, hana kosa. Na fundi aliyelemewa na nguo za Idi akakataa kupokea kitambaa kingine amemfanyia mteja insafu zaidi kuliko yule apokeaye kila kitu na kumaliza nusu.

Walakini tangu kale kulikuwa na kazi ambazo mwenyewe, akiisha kuzitangaza kwa watu wote, hiari yake hupungua. Sheria ya kawaida ya Uingereza, ambayo mahakama zetu ziliirithi kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, ilimlazimisha mwenye nyumba ya wageni kumpokea kila msafiri mwenye staha na mwenye kuweza kulipa, maadamu nafasi ipo, na ilimfunga kadhalika mchukuzi wa mizigo ya watu. Sababu ni kwamba msafiri aliyefungiwa mlango usiku hana pa kwenda, na anayemkataa huenda anamtupa mikononi mwa wanyang'anyi. Mwaka 1943 Learie Constantine, mchezaji kriketi mashuhuri kutoka Trinidad, alifika na aila yake katika Imperial Hotel ya London, ambako chumba kilikuwa kimekwisha wekwa kwa ajili yake, akaambiwa aondoke kwa sababu ya rangi yake. Alishitaki, na mwaka uliofuata Jaji Birkett akampa ushindi na fidia ya gini 5. Fidia ilikuwa ndogo mno, wala hukumu yenyewe, kwa kuwa ni ya baada ya 1920, haizifungi mahakama zetu. Lakini msingi wake ni ule ule wa kale, nao ni msingi mwema.

Konda wa Mlalo yumo katika kundi hili la pili. Gari lake halitembei kwa hisani yake, bali kwa leseni ya LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya 2019 kushika mahali pa SUMATRA, na leseni hiyo ina masharti: nauli pungufu ya mwanafunzi ni sehemu ya masharti hayo, na kumkataa mtoto kwa sababu ya sare yake ni kuyavunja. Hapo sina shaka. Hata hivyo ni dhuluma kumlaumu konda peke yake pasipo kuitazama hesabu. Dereva na konda humpelekea tajiri wa gari kiasi maalumu kila siku, ndicho kiitwacho hesabu, mafuta wakanunua wao, na kinachobaki ndicho riziki yao. Katika daladala za Dar es Salaam, ambako mwanafunzi amekuwa akilipa shilingi 200 kwa miaka mingi, kila kiti kinachokaliwa na mtoto hutoa fedha katika mfuko wa konda, si katika mfuko wa tajiri, wala si katika hazina ya serikali iliyoamuru punguzo. Fadhila iliyoamriwa na mmoja ikalipwa na mwingine aliye dhaifu haidumu, na kwa maoni yangu tajiri anayepaswa kubeba mzigo huu angeanza kwa kupunguza hesabu katika siku za shule.

Wengi hudhani kwamba Katiba imekwisha kumaliza mambo yote. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, rangi, jinsia, mahali mtu alikotoka, na hali yake ya maisha, lakini katazo lake linawaelekea dhahiri wale wanaotekeleza madaraka chini ya sheria au shughuli za Mamlaka ya Nchi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 27, imekwenda mbele zaidi ikamkataza kila mtu. Kwetu pengo hilo limezibwa kwa viraka: Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kumnyima mtu huduma kwa kuwa ana virusi au anashukiwa kuwa navyo, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inawalinda hao nao. Ningependa tuwe na sheria moja iliyo wazi. Milima hii haijasahau zamani ambazo Lushoto ilikuwa na shule ya watoto wa Kizungu tu, na hospitali za Tanganyika ziliwagawa wagonjwa kwa rangi, na yote hayo yakahesabiwa kuwa utaratibu.

Lakini kwa wataalamu kukataa huwa pengine faradhi. Wakili ambaye maslahi ya mteja mpya yanagongana na ya mteja wake wa zamani, sharti akatae. Muuzaji wa duka la dawa anayeombwa vidonge viwili vitatu vya antibiotiki kwa homa isiyopimwa, na mama mwenye mtoto mgongoni, aliyetembea kutoka kijiji cha mbali, amesimama mbele yake akisihi, hana ruhusa ya kumridhisha. Dozi isiyotimia haimponyi mtoto, nayo huwafunza vijidudu kuishinda dawa. Kukataa kwake hakuishii hapo, kwa maana anadaiwa sababu iliyoelezwa kwa upole, na mahali pa kumwelekeza, na ikiwa mtoto anatetemeka au hanyonyi, anadaiwa pia kufunga duka kwa dakika chache amtafutie mama huyo pikipiki ya kumfikisha zahanati.