Kupoza tarakilishi kwa maji kwahitaji subira

MAJI na umeme havipatani. Ndiyo maana wengi hushangaa kusikia kwamba wapo watu wanaopitisha maji ndani ya tarakilishi zao za nyumbani kwa hiari yao.

Hata hivyo, mbinu hiyo si ngeni. Kampuni ya IBM ilitumia maji kupoza baadhi ya mitambo yake mikubwa tangu miaka ya 1960. Mnamo 2004, Apple iliuza tarakilishi za Power Mac G5 zilizopozwa kwa kiowevu. Baadhi yazo zilikuja kuvuja na kuharibika, funzo ambalo kila anayejiundia mfumo wake hana budi kulizingatia.

Prosesa zenye nguvu za siku hizi zaweza kutoa joto la zaidi ya wati 200. Nyingi zinapokaribia nyuzi 95 au 100 za Selsiasi, hujipunguzia kasi ili zisiungue. Maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa ya ujazo uo huo, hivyo hulihamisha upesi hadi kwenye rejeta pana, ambako feni huliondoa zikizunguka polepole, bila kelele nyingi.

Safari ya maji huanzia kwenye tangi dogo. Pampu huyasukuma kupitia mirija hadi kwenye bamba la shaba lililobanwa juu ya prosesa. Hapo huchukua joto, hupita kwenye rejeta, kisha hurejea tangini.

Tangi sharti liwe juu ya pampu, kwani pampu za aina hii haziwezi kujivutia maji na huharibika zikizunguka kavu. Kuhusu rejeta, wazoefu hutenga nafasi ya feni moja ya milimita 120 kwa kila kifaa kinachopozwa, na kuongeza moja. Anayepoza prosesa na kadi ya michoro basi atahitaji rejeta ya milimita 360.

Kosa la kwanza la wanagenzi ni kuchanganya shaba na alumini. Metali hizo zikikutana majini, alumini huliwa taratibu hadi ikatoboka. La pili ni kutumia maji ya mfereji, ambayo madini yake huganda katika vijia vyembamba vya bamba. Yanayofaa ni maji yaliyotoneshwa, yenye dawa ya kuzuia ukungu na kutu, na yabadilishwe angalau mara moja kwa mwaka.

Hatua muhimu zaidi ni majaribio. Karatasi za shashi hutandazwa chini ya kila kiungo, kisha pampu pekee huwashwa, huku sehemu nyingine zote zikiwa hazina umeme. Ikizunguka kwa saa 24 na karatasi zibaki kavu, tarakilishi yaweza kuwashwa. Anayeruka hatua hii huenda akapoteza mashine nzima kwa sababu ya kiungo kimoja kilicholegea.

Aidha, mfumo huu hauwezi kushusha joto chini ya lile la hewa chumbani. Mkazi wa Mombasa asitarajie matokeo ya mwenzake wa Limuru. Naye anayetumia tarakilishi kuandika barua tu hana haja nao. Feni ya kawaida yamtosha.