Mfuko wa wodini upangwe kabla ya siku ya upasuaji

MZAZI akiambiwa anatakiwa kufanyiwa upasuaji, mawazo yote huenda kwenye kisu. Mfuko wa kwenda nao hospitali hupangwa dakika za mwisho, huku bodaboda ikisubiri nje. Matokeo yake mgonjwa anazinduka wodini akiwa na gauni la kutokea lakini hana hata ndala.

Kwa familia za Nkende hili si jambo dogo. Ukilazwa hapa hapa mjini Tarime, ndugu anaweza kurudi nyumbani kuchukua kilichosahaulika. Ukipewa rufaa kwenda Musoma, au Bugando jijini Mwanza, kilichosahaulika kitanunuliwa kwa pesa ya dawa au ya nauli.

Nyaraka kwanza

Weka kwenye bahasha moja kadi ya bima, kitambulisho, barua ya rufaa, majibu ya vipimo na, kwa mjamzito, kadi ya kliniki. Andika majina ya dawa zote unazotumia, hata za kienyeji, na dawa zinazokudhuru. Bahasha ashike anayekusindikiza, maana wewe utakuwa usingizini.

Nguo za kukihurumia kidonda

Mama aliyejifungua kwa upasuaji huwa na kidonda pale pale unapobana mpira wa sketi. Beba dira au gauni pana, linalofunguka mbele kama unanyonyesha, na chupi pana zinazopita juu ya kidonda. Aliyefanyiwa upasuaji wa mkono avae shati la vifungo. Khanga nne hazizidi: ya kujifunga, ya kujifunika, ya kutandika na ya akiba. Tarime asubuhi ni baridi, beba sweta. Musoma kando ya ziwa ni joto, nguo nyepesi zinatosha.

Ndala ziwe zisizoteleza. Wauguzi watakuhimiza kuinuka na kutembea mapema, kwa sababu kulala muda mrefu huchangia damu kuganda miguuni.

Ongeza beseni, sabuni, mswaki, taulo, pedi, kikombe, kijiko na chaja ya simu.

Vya kuacha nyumbani

Pete, heleni, bangili na mkufu viache. Futa rangi ya kucha na toa kucha za bandia: kifaa cha kupima oksijeni hubanwa kidoleni na hutumia mwanga, hivyo rangi inaweza kupotosha kipimo.

Uji usubiri ruhusa

Katika wodi nyingi chakula huletwa na ndugu, kwa hiyo chupa ya uji wa ulezi ni ya lazima. Lakini una wakati wake. Kabla ya nusukaputi mgonjwa hukaa bila chakula angalau kwa muda wa saa 6, kwani kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Bibi anayempa mjukuu uji alfajiri ili apate nguvu anafanya hivyo kwa upendo, ila anaweza kumhatarisha. Mweleze mapema na kwa heshima. Hata baada ya upasuaji, muulizeni muuguzi kabla ya kumlisha mgonjwa.

Kisichoingia kwenye mfuko

Wajawazito wapange mfuko mapema, angalau ufikapo mwezi wa nane, kwani upasuaji wa dharura hautoi taarifa. Mwambie mtu mmoja mahali ulipo.

Halafu kaeni kama familia mjibu swali moja: mama akirudi, nani atachota maji? Kwa wiki 6 hivi hatakiwi kuinua kitu kizito kuliko mtoto wake. Ndoo moja ya lita 20 inaweza kuharibu kazi yote ya daktari. Baba, wifi, shemeji au binti mkubwa, jina la mtu huyo liandikwe juu kabisa ya orodha, kabla ya khanga na sabuni.