Stika ya kompyuta ya babu: Je, leseni inahamia mashine mpya?

Umeme ulikatika Mwembesongo saa mbili usiku, mvua ikiwa imeshika kuanzia milimani Uluguru hadi huku kwetu. Uliporudi ulirudi kwa kishindo. Friji ilipona. Kompyuta ya marehemu baba yangu, mwalimu mstaafu, haikuwaka tena.

Fundi wa jirani aliifungua juu ya meza ya chakula, akainusa, akasema, "Mama, madabodi imekwenda hii."

Kijana wangu yuko kidato cha tatu na anasoma somo la kompyuta, kwa hiyo kukaa bila mashine hatukuweza. Kununua mpya hatukuweza pia. Tukaamua kuunda: madabodi na prosesa za mtumba kutoka Kariakoo, zikaja kwa basi hadi Msamvu ndani ya boksi la sabuni. Kasha, kioo na kibodi tukabaki navyo vya babu. Ikabaki Windows.

Kijana akanionyesha stika iliyobandikwa ubavuni mwa kasha, imefifia lakini namba zinasomeka. "Mama, leseni tunayo. Babu alishalipia."

Fundi akacheka. Akasema stika hiyo ya nini, yeye atatuwekea Windows kwa elfu kumi na tano, na programu zote ndani.

Mzazi mwenzangu, njia hiyo ya elfu kumi na tano tulishaipita. Miaka miwili nyuma tuliwekewa Windows ya kukraki kwenye laptopu. Ili kraki ifanye kazi, fundi wa wakati huo alizima kinga ya virusi, na hakuiwasha tena. Haukupita muda, kurasa za kamari zikaanza kufunguka zenyewe, binti yangu wa darasa la tano akiwa amekaa mbele ya kioo anafanya hesabu. Kisha mafaili yakagoma. Picha za arobaini ya baba hazijafunguka hadi leo, na hatukuwa na nakala nyingine. Sitaji suala la sheria tu, ingawa nalo lipo: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Kilichoniuma mimi ni zile picha.

Basi safari hii nilitaka kujua ukweli kuhusu stika.

Ukweli ni kwamba leseni za Windows hazifanani. Ile inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani huitwa OEM, na imefungwa kwenye mashine iliyokuja nayo. Kwa macho ya Microsoft, mashine ni madabodi. Unaweza kubadilisha diski, ukaongeza RAM, ukaweka pawa saplai nyingine, leseni ikabaki pale pale. Ukiweka madabodi ya aina nyingine kwa kutaka tu kuboresha, hiyo inahesabika kuwa kompyuta mpya na leseni imeishia hapo. Stika ya babu ilikuwa ya namna hiyo, tena ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 14, 2020. Kwa miaka kadhaa watu walitumia namba za Windows 7 kuwezesha Windows 10, lakini mlango huo ulifungwa Septemba 2023. Kijana aliposikia hivyo alinuna siku nzima.

Leseni ya pili ni ile inayouzwa peke yake, kwenye boksi au kwa kadi. Hii ni mali ya mnunuzi, si ya mashine. Kompyuta ikifa, unaihamishia nyingine, mradi ikae kwenye mashine moja tu kwa wakati mmoja. Kama ile ya zamani bado inafanya kazi, unaiondoa kule kwanza.

Hapo ndipo baba yao alipokumbuka boksi. Mwaka 2017 shemeji yangu, aliyekuwa akifanya kazi Muscat, alitununulia Windows 10 ya boksi kwa ajili ya laptopu. Laptopu hiyo ilimwagikiwa chai na kufa. Boksi tulilikuta kwenye bahasha ya vyeti vya kuzaliwa, na kadi yenye namba ya herufi na tarakimu 25 ikiwa ndani. Jumamosi hiyo tuliiweka kwenye mashine mpya, tukaunganisha intaneti ya simu, ikakubali mara moja.

Lakini Windows 10 nayo imefika mwisho: Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida Oktoba 14, 2025. Mwenye leseni halali ya 10 anapandishwa kwenda 11 bila malipo, ila mashine iwe inafaa. Inataka RAM ya GB 4 na diski ya GB 64 kwa uchache, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha nane kuendelea. Kijana alikuwa amenibana tuongeze pesa kidogo tuchukue kizazi cha nane, nami nikadhani ni tamaa ya ujana. Alikuwa sahihi.

Kama ningeanza upya, nisingenunua vipande kabisa. Ningenunua kompyuta nzima ya mtumba, zile za ofisini. Kuanzia enzi za Windows 8, watengenezaji wengi huandika namba ya leseni ndani ya madabodi yenyewe, ndiyo maana nyingi hazina stika ya namba. Ukifuta kila kitu na kuweka upya toleo lile lile la Windows, mashine inajitambua yenyewe. Leseni unakuwa umeinunua pamoja na chuma.

Kabla hujatoa hela, mwombe muuzaji aiwashe. Fungua dirisha la amri, andika slmgr /dli kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza. Likitokea neno OEM, leseni ni ya mashine hiyo. RETAIL ni ile ya kuhamishika. Ukiona VOLUME, uliza maswali: hiyo ni leseni ya kampuni au taasisi, haiuzwi pamoja na kompyuta, na kraki nyingi huacha alama hiyo hiyo.

Na kama huna leseni yoyote, Linux ni ya bure na ni halali. Linux Mint inafanana vya kutosha na Windows, mtoto ataizoea ndani ya wiki, na LibreOffice inafungua barua na majedwali ya shule. Tatizo ni kwamba somo likidai programu fulani ya Windows, utakwama.

Kasha la babu bado lina stika yake. Kijana alitaka kuibandua, nikamkataza. Mdogo wake naye ameshauliza kama namba ya boksi inaweza kuwekwa na kwenye laptopu kuukuu aliyopewa na shangazi yake. Nilipomwambia hapana, alikwenda kwa kaka yake, na jana usiku niliwakuta wawili hao wanapakua Linux kwa bando langu.