Sykes: Kijito, Ukoo na Kromosomu ya Baba

Jina la ukoo la Sykes halikuenea sawasawa nchini Uingereza. Kitovu chake kimebaki magharibi mwa Yorkshire, katika mabonde yanayozunguka mji wa Huddersfield na kijiji cha Slaithwaite, na kadiri mtu anavyoelekea kusini ndivyo linavyozidi kuwa adimu. Asili yake ni neno la Kiingereza cha kale lililotaja kijito chembamba au mtaro wa maji unaopita katika ardhi chepechepe, ambao wakulima wa zama hizo waliutumia mara nyingi kuwa mpaka wa mashamba, pengine kwa sababu kijito, tofauti na jiwe, hakihamishwi usiku na jirani mwenye tamaa. Hata matamshi ya jina hilo yanataja kwao: kusini mwa nchi neno hilohilo liliishia kwa sauti ya "ch" na kuzaa majina kama Sich na Sitch, ilhali kaskazini, ambako walowezi wa Skandinavia walikuwa na neno lao lililofanana nalo, sauti ya "k" ilidumu.

Majina ya ukoo yalianza kurithishwa Uingereza baada ya Wanormani kuivamia mwaka 1066, kwanza miongoni mwa makabaila na baadaye, hadi kufikia karne ya 14, miongoni mwa watu wa kawaida, ambao makarani wa kodi na wa mahakama walihitaji kuwatofautisha kwa kazi zao, baba zao au mahali walipoishi. Kwa kuwa vijito vya aina hiyo vimejaa kaskazini mwa nchi, maandishi ya wataalamu wa majina yalichukulia kwamba Sykes lilizuka mara nyingi, katika vijiji mbalimbali, kwa watu wasiokuwa na undugu wowote.

Dhana hiyo ilitikiswa mwaka 2000 na Bryan Sykes, mtaalamu wa jenetiki wa Chuo Kikuu cha Oxford na mwenye jina hilo yeye mwenyewe, katika utafiti alioufanya pamoja na Catherine Irven. Msingi wa utafiti huo ni kromosomu Y, yaani kifurushi cha DNA ambacho mwanamume hukipata kwa baba yake pekee, takriban bila mabadiliko, kama vile jina la ukoo la Kiingereza linavyopita kwa desturi kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Katika kromosomu hiyo mna sehemu ambazo herufi chache za DNA hujirudia mara kadhaa mfululizo, na idadi ya marudio hayo hutofautiana kati ya nasaba na nasaba. Watafiti walipima sehemu 4 za namna hiyo kwa wanaume 48 waitwao Sykes, na 21 kati yao walikuwa na muundo mmoja, ambao haukuonekana kwa majirani zao wa eneo hilo wala kwa Waingereza wengine waliolinganishwa nao. Hitimisho lao lilikuwa kwamba akina Sykes wa leo wametokana na mwanzilishi mmoja, na kwamba waliobaki wanaweza kuelezwa kwa watoto waliolibeba jina bila kuibeba kromosomu, kwa kiwango cha wastani wa asilimia 1.3 katika kila kizazi kwa miaka 700. Kwa ukoo wowote ule, kiwango hicho ni cha heshima.

Hata hivyo, hitimisho hilo lilikwenda mbali kuliko ushahidi wake. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha uchunguzi wa kromosomu za wanaume 1,678 wenye majina 40 ya Kiingereza, wakaona kwamba jina linapozidi kuwa adimu, undugu wa wanaolibeba nao huzidi. Kwa wastani asilimia 62 waliangukia katika makundi ya ukoo mmoja, ingawa kiwango kilianzia 0 hadi 87 kutegemea jina. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba asili ya jina, liwe la kazi au la mahali, haikuonekana kuleta tofauti. Maelezo yao ni bahati nasibu ya uzazi: baba asiyezaa wana wa kiume huzima tawi lake, na mwenye wana watano hulitapanya lake, hivyo baada ya vizazi ishirini na kitu jina lililokuwa na waanzilishi kumi laweza kubaki na uzao wa mmoja tu. Francis Galton na Henry Watson walikwisha kulikokotoa tatizo hilo la kutoweka kwa koo mwaka 1874, na tauni iliyoingia Uingereza mwaka 1348 bila shaka iliharakisha kazi hiyo. Kromosomu inayotawala leo basi inamwonyesha aliyesalimika, ambaye si lazima awe mwanzilishi.

Jina hilohilo lina historia nyingine Dar es Salaam. Sykes Mbuwane, Mzulu kutoka Inhambane nchini Msumbiji, aliletwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 kuwa askari wao. Jina lake la kwanza likawa la ukoo kwa mwanawe Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa chama cha African Association mwaka 1929, na kwa wajukuu Abdulwahid na Ally, waliokuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha TANU mwaka 1954. Katika ukoo huu mwanzilishi anajulikana kwa jina na kwa kizazi, jambo ambalo kwa akina Sykes wa Yorkshire kromosomu haijaweza kulithibitisha.